Mwezi wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 20 Ramadhani

Siku mbaya. Koo limekauka, lifti imekufa tena, nimepanda ngazi za ghorofa nne mara tatu na swaumu yangu kichwani.

Baada ya adhuhuri Mzee Mbaruk katuita ofisini, mimi na Bi Mwanamkuu wa tiketi. Hakutuzungusha. Mdogo wake, Azzam, anaitaka ghorofa yetu aifanye stoo ya mablanketi. Azzam anasema Kariakoo hii watu wanagombania kona ya kuwekea mzigo, na sisi tuna ghorofa nzima ya trampolini na bwawa la mipira, watoto wanarukaruka. Anasema ni dhambi. Mzee kaomba nafasi moja ya mwisho. Idd Mosi, kuanzia asubuhi hadi magharibi, tupate watoto mia na hamsini. Wakifika, kituo chetu cha michezo, Tabasamu Ghorofani, kinaendelea na sisi tunaendelea. Wasipofika, mablanketi.

Mia na hamsini! Jumamosi iliyopita tulipata kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa wamepotea, walikuwa wanamtafuta fundi cherehani.

Bi Mwanamkuu yupo hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Anawajua watoto kwa majina yao na ya bibi zao. Alirudi kaunta akaanza kuifuta, na kaunta ilikuwa safi.

Mimi nikamwambia Mzee atulize moyo. Mimi ndiye Afisa Masoko Mkuu (mdogo hayupo, lakini kadi yangu ndivyo isemavyo), na ninacho kitu ambacho Azzam hana: barua pepe za wazazi mia nne na kumi na mbili. Watu wanashindwa kwa sababu wanatuma ovyo ovyo. Siri ya barua pepe ni saa. Ikifika saa sio, ni chapati iliyopoa. Mzee akauliza kama watu wa Kariakoo wanasoma barua pepe. Nilicheka, kwa heshima.

Jumanne, 21 Ramadhani

Kuna mtaalamu mmoja wa nje namfuata kwenye simu. Anasema familia zinasoma matangazo ya burudani Jumanne saa nne asubuhi. Nimetuma saa nne kamili. "Mpendwa Mzazi, Idd hii watoto wako wataruka wapi?" Maneno yangu mwenyewe.

Saa tano: aliyefungua hakuna. Saa saba: hakuna. Saa tisa: hakuna! Nilijifungia chooni nikakaa. Nimeyafikiria mablanketi. Nimefikiria kurudi kwa kaka yangu Mbagala na begi.

Halafu, saa kumi na dakika ishirini, mfumo wa barua pepe ukaanza kucheza. Kumi wamefungua. Hamsini. Mia mbili! Ilipofika saa kumi na moja, watu mia tatu themanini na nane walikuwa wamefungua ujumbe wangu. Mtaalamu wa nje haijui Dar. Saa ya Dar ni saa kumi na dakika ishirini, baada ya alasiri. Nimeigundua mimi.

Niandike hapa nilivyoipata orodha, maana siku moja nitaulizwa. Ukimwomba mzazi wa hapa barua pepe anakutazama kama umemuuliza umri. Wote jibu moja: kamuulize Shaibu, ndiye aliyenifungulia simu. Shaibu anauza simu kwenye kibanda chini ya ngazi zetu. Ukinunua simu kwake anakufungulia kila kitu, barua pepe na neno la siri, anaandika kwenye daftari lake, wewe unakwenda zako kupiga soga. Nilimpa tiketi sita za wanawe, akaniachia daftari nikanakili. Akili ni mali.

Jumatano, 22 Ramadhani

Nimetuma tena. Mia tatu themanini na nane tena! Walewale! Nidhamu ya ajabu.

Nimekwenda kwa Mzee na mchoro niliouchapa kwa rangi. Kumbe alikuwa kwenye simu anakodi gari la matangazo, lile la spika juu, lizunguke Kariakoo, Ilala na Magomeni siku tatu kabla ya Idd. Nikamwambia Mzee, gari la matangazo ni mambo ya kizamani, linapiga kelele kwa kila mtu, hata asiye na mtoto. Mimi nazungumza na wazazi mia tatu themanini na nane, kila mmoja peke yake, saa aitakayo. Aliutazama mchoro, akalifuta gari.

Bi Mwanamkuu alinifuata kwenye ngazi. Ana wazo lake. Twende naye madrasa za kwao Magomeni, tuzungumze na walimu, watoto wakitoka chuoni wapewe habari. Na tutundike kitambaa hapo chini mlangoni. Nikamwambia ahsante mama, lakini sasa hivi tunafanya kazi kwa takwimu. Akasema watoto hawana barua pepe. Naandika maneno yake hapa kwa sababu yamenichekesha.

Jumamosi, 25 Ramadhani

Nimejaribu saa nyingine kwa ajili ya utafiti. Alhamisi nilituma alfajiri, Ijumaa saa sita. Haijalishi. Wanausubiri ujumbe mpaka saa kumi na dakika ishirini, ndipo wanafungua wote kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, kila sekunde nne. Sijawahi kuona mji wenye utaratibu hivi.

Jambo dogo tu. Leo wamekuja watoto tisa. Na hao tisa hakuna mzazi aliyepata ujumbe. Niliwauliza.

Azzam naye kaja. Kaja na futi. Kapima bwawa la mipira, kapima dirisha, akaniomba kwa upole nisogee maana nilikuwa nimesimama pale litakapokaa robota la kwanza. Nikasogea! Mpaka sasa sijui kwa nini nilisogea. Usiku huu futari niliisukuma pembeni. Kwa nini mtu asome ujumbe wako mara nne halafu asije?

Baadaye nikapata jibu. Wanajitunza. Wanangoja Idd. Nimeweza kula uji.

Jumatano, 29 Ramadhani

Mpango mkuu umekamilika. Nauandika wote hapa.

Ujumbe wa Idd unatoka kesho Alhamisi saa moja asubuhi, wenyewe, nimeutega kwenye mfumo. Unasema: "Idd Mubarak! Mwezi umeandama! Leo ni kula na kuruka, njooni Tabasamu Ghorofani. Wenu, Mbaruk na Familia." Chini nimeongeza sharti: ofa ya Idd ni kwa atakayeonyesha ujumbe huu kwenye simu yake. Hiyo ndiyo akili yenyewe. Wakijaa, Azzam asije akasema wamejileta. Kila kichwa kitakuwa na ushahidi.

Kwa nini saa moja, na saa ya Dar ni kumi na ishirini? Kwa sababu kesho hakuna swaumu. Watu wataamka wamechangamka, simu mkononi. Nimefikiria kila kitu.

Bi Mwanamkuu alipita nyuma yangu akasoma. Akaniuliza mwezi umeonekana wapi, maana jua bado halijazama. Nikamwonyesha kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa na duka la mabati. Kesho imeandikwa Idd kwa wino mwekundu. Akasema mwezi haupangiwi mwanangu, ungoje kwanza watangaze. Nikamwambia kutangaza ni saa tatu, saa nne usiku, na jengo linafungwa saa kumi na mbili, na bando langu limekwisha. Akasema asiyesikia la mkuu. Hakumalizia, akashika mkoba wake akaenda kufuturisha wajukuu.

Nalala mapema. Daku siamki, ya nini? Kanzu nimeshainyoosha.

Alhamisi, 30 Ramadhani

Ya Rabi.

Niliamka saa moja kasorobo. Nikavaa kanzu, nikapaka manukato, nikatoka. Mtaa kimya. Jirani anafagia na nguo zake za kila siku. Nikadhani ni mvivu. Nimefika kazini, Mtaa wa Sikukuu, saa moja na robo, natabasamu, namkuta Bi Mwanamkuu anafungua mlango wa chini. Nikamshika mkono nikamwambia shikamoo mama, Idd Mubarak. Akasema marahaba. Akanitazama kanzu. Akaniuliza, taratibu kabisa, swaumu ikoje.

Mwezi haukuonekana. Haukuonekana popote. Wametangaza saa nne usiku, mji mzima umesikia isipokuwa mimi. Leo ni thelathini. Watu wamefunga. Na mimi nimewaambia watu mia nne na kumi na wawili kwamba leo ni kula na kuruka, kwa jina la Mzee Mbaruk, ambaye baba yake alikuwa imamu!

Nilipanda ngazi mbili mbili kuuzuia ujumbe. Ulikuwa umekwenda zamani.

Saa mbili, Shaibu akatokea mlangoni. Macho mekundu. Nikadhani anakuja kunipongeza, sijui kwa nini. Akanionyesha simu yake. Ujumbe wangu. Akasukuma kwa kidole, ujumbe wangu tena. Akasukuma, tena. Idd Mubarak, Idd Mubarak, Idd Mubarak, mpaka kidole kikachoka. Mia tatu themanini na nane, zote kwenye simu moja.

Akanieleza. Wateja wake wakipewa barua pepe hawazifungui hata siku moja. Wanasahau neno la siri, wanarudi kwake wanalia. Kwa hiyo zote amezielekeza kwenye simu yake mwenyewe, akiulizwa awe nazo. Na yeye hapendi kuona namba nyekundu ya barua ambazo hazijafunguliwa, inamkera. Kwa hiyo kila siku akitoka kuswali alasiri, akikaa kungojea magharibi, anapitisha muda kwa kuzifungua moja moja. Kuanzia saa kumi na dakika ishirini.

Jana alilala mapema, kichwa kilikuwa kinamuuma. Asubuhi simu ikatetemeka mezani mpaka ikaanguka. Watu mia nne wanamtakia Idd! Nani atabisha? Akanywa chai ya maziwa na vitumbua vitatu, mbele ya mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekaa na tasbihi, na ambaye hajasema naye neno mpaka sasa. Shaibu anataka kujua nani atamlipia siku hiyo. Anataka niilipe mimi. Nikamwambia ya kwangu yenyewe nimeifunga bila daku. Haikumtuliza.

Kufika adhuhuri habari imeshateremka mtaa mzima. Wenye maduka ya mapazia wanamuuliza Mzee kama ni kweli ghorofa ya nne iko karibu na mwezi, ndiyo maana ameuona peke yake. Mmoja kamwomba apande akaangalie tena. Mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto, magoti yamemfika kifuani, akasema tu kwamba amelifuta gari la matangazo. Alisema mara mbili. Ningependa anigombeze.

Saa nane Bi Mwanamkuu alichukua kitita cha tiketi akaniambia anakwenda Magomeni, madrasa kwa madrasa, kabla watoto hawajatawanyika. Mikono miwili ni michache. Twende.

Sikwenda. Nilikuwa na ujumbe wa kuomba radhi wa kuandika. "Samahani, Idd ni kesho, sharti liko palepale." Niliutuma saa kumi na dakika ishirini. Najua, zinakwenda kwa Shaibu. Lakini nimepiga hesabu. Mia nne na kumi na mbili kutoa mia tatu themanini na nane ni ishirini na nne. Hao ishirini na nne hawamo kwenye simu ya Shaibu. Hao ni watu kweli.

Ijumaa, Idd Mosi

Mwezi umeandama, umetangazwa, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe na nikauliza watu watatu.

Bonde la Jangwani, kati ya Magomeni na hapa, halikujaa maji. Hakukunyesha hata tone. Siwezi kusingizia mvua. Naanza na hilo kwa sababu nimelitafuta sana.

Saa tatu asubuhi Bi Mwanamkuu kaingia na watoto wa Magomeni. Alikuja nao kwa miguu kupitia bondeni, wameshikana mikono wawili wawili, walimu wawili wa madrasa mbele na bibi watano nyuma. Walipanda ngazi za nyuma, karibu na kaunta yake. Tisini na sita. Wasichana wana hina mpaka kwenye viwiko, wavulana kanzu ndefu zinawakwaza ngazini. Sakafu ilitetemeka. Mzee Mbaruk alisimama katikati ya vurugu lile na mikono nyuma, na nilimwona anafuta jicho. Azzam naye alikuwapo, na hata yeye alikuwa anachezesha mguu.

Wanahitajika hamsini na nne tu. Siku nzima iko mbele, na Idd Kariakoo watu wamejaa barabarani na watoto, wanatafuta pa kwenda! Nikajua sasa ni zamu yangu. Nikashuka mlango wa mbele, nikasimama kwenye ngazi, kando ya kibanda cha Shaibu.

Walikuja. Niliwaambia karibuni, Idd Mubarak, naomba kuona ujumbe. Ujumbe gani? Wa barua pepe. Hawana. Nikawaeleza kwa adabu kwamba Idd hii tunaanza na wenye ujumbe, wasio na ujumbe wajaribu kurudi saa nane. Baba mmoja alikuwa na wanawe wanne, amevaa koti. Akanitazama, akasema hamna neno, akawachukua akawapeleka ufukweni. Wengine hivyo hivyo. Nilikuwa nawasubiri wale ishirini na nne. Nilitaka waje, wanionyeshe simu, nimpelekee Azzam ushahidi wake. Mara moja tu, mtu aje kwa sababu nilimwandikia.

Saa sita na nusu nilikwenda kuswali Ijumaa. Nilipokuwa msikitini mlangoni hapakuwa na mtu wa kuuliza. Waliingia thelathini na watano. Kwa saa moja!

Nikarudi, nikasimama tena.

Magharibi Bi Mwanamkuu kahesabu vipande vya tiketi mbele ya Azzam, viwili viwili, vidole vinanata asali ya keki ya Idd. Mia na thelathini na mmoja. Kahesabu tena. Mia na thelathini na mmoja. Azzam hakufurahi, nakiri. Alisema walikaribia, wallahi walikaribia, lakini ahadi ni ahadi, na mzigo wake uko bandarini.

Ndipo Shaibu, aliyepanda kuleta kahawa kwa Mzee, akasema yeye amewahesabu wale wa mlangoni. Kwa ubaya tu, alisema, kwa sababu ya vitumbua. Watoto niliowarudisha ni ishirini na saba.

Hakuna aliyepiga hesabu kwa sauti. Mia na hamsini na nane.

Nilisubiri Bi Mwanamkuu anitukane. Alikusanya vipande vya tiketi akavifunga kwa mpira. Kisha akaniambia, kwa ile sauti anayomwambia mtoto aliyepotelewa na kiatu ndani ya bwawa la mipira:

"Adamu, mwanangu. Mtoto aliyevaa nguo ya Idd haulizwi barua."

Akashika mkoba wake. Mimi nililia kwenye ngazi za nyuma, ghorofa ya pili, ambako taa imeungua.

Jumanne, 5 Mfunguo Mosi

Wapagazi wameteremsha trampolini leo. Haikuingia kwenye kona za ngazi, wameikata. Mipira ya bwawa wameitia kwenye viroba, kiroba kimoja kikapasuka ghorofa ya tatu, mipira ikateremka yenyewe mpaka barabarani. Watu wameiokota. Nimeona muuza machungwa amepanga mitatu ya rangi ya chungwa juu ya meza yake.

Bi Mwanamkuu kapewa mashine ya bisi na Mzee, kwa miaka yake. Ataiweka nje ya madrasa kwao. Nikamuuliza atawapataje wateja. Akanipa nimshikie waya wa mashine.

Nilidhani mimi ni Mbagala na begi. Kumbe kuna nafasi ya mtunza stoo. Azzam kasema nisimshukuru yeye. Bi Mwanamkuu ndiye aliyekwenda kuniombea. Alimwambia kijana ni mwaminifu, hana wizi, anajua kusoma kalenda. Sijui hilo la mwisho alilisema kwa nia gani. Nilitaka kwenda kumshukuru, nikaona haya. Nitamwandikia.

Jumatatu, 11 Mfunguo Mosi

Mablanketi. Mablanketi kila upande, mpaka dirishani. Pale palipokuwa na bwawa la mipira nimekaa mimi, kwenye kiti cha plastiki cha watoto kilichosahauliwa. Hakuna sauti. Hata magari ya chini hayasikiki, mablanketi yanameza kila kitu. Machozi yalinitoka asubuhi nilipokuta soksi moja ya mtoto nyuma ya mlango.

Halafu nikatulia. Nikafikiri.

Azzam anauzaje? Anakaa dukani anangoja mtu aingie! Hana mpango wowote. Na Idd ya Hajj inakuja, na kipupwe kinakuja nacho, mji mzima utahitaji blanketi, na hakuna hata mzazi mmoja aliyeandikiwa.

Nimeitoa orodha yangu. Nimeshuka kwa Shaibu, nimempelekea vitumbua vitatu, tumepatana. Anasema mama mkwe ameanza kuitikia salamu. Nikamuuliza, kwa kuwa sasa swaumu imekwisha, barua zake anazifungua saa ngapi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia utafiti. Akasema baada ya isha, akishakula.

Saa mbili na nusu usiku! Mtaalamu wa nje hawezi kuijua hiyo hata miaka mia.

Ujumbe nimeshauandika na kuutega. "Idd Mubarak! Leo ni nyama na blanketi. Wenu, Azzam na Familia." Sharti: aonyeshe ujumbe. Utatoka tarehe kumi Mfunguo Tatu, kama ilivyo kwenye kalenda ya duka la mabati, siku ya Jumatano, kwa wino mwekundu. Sijamwambia Azzam. Nataka ajionee mwenyewe.